Kopo Lisilolia

Tiba ni bora kuliko kinga. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi famasi ya Ujiji. Hapa anayetibiwa hupelekewa uji. Anayejikinga hupelekewa maneno. Asnath, mfamasia wa Bi Mwanakheri, aliyajua maneno hayo kwa ladha yake, maana kinga ndiyo aliyokuwa akiigawa.

Asubuhi ile, hata hivyo, hakuwa na habari ya dawa. Alikuwa mwaloni Katonga, samaki wanakoshushwa, anatafuta migebuka mibichi kabla jua halijawa kali. Vipe, zile boti za kuvulia dagaa kwa taa, vilikuwa vimerudi. Wanawake waliojifunga vitenge viunoni walimwaga dagaa mchangani na kuwatandaza kwa viganja, harufu ya samaki ikichanganyika na ya petroli, na kila mtu akiongea kana kwamba mwenzake yuko Kongo, ng'ambo ya ziwa. Asnath alivaa kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, blauzi nyeupe, na raba ambazo alizionea huruma tangu aliposhuka kwenye bajaji. Alikuwa ameinamia beseni la migebuka mtu aliposema nyuma yake, "Pisha, dada, chuma hicho," na kabla hajapisha, chuma kikamgusa.

Aligeuka. Kijana mrefu, bega moja limebeba injini ya boti kama mtu aliyebeba mtoto mkaidi, alikuwa anamtazama kwa hofu.

"Kaka, umenipaka."

"Nimekupaka nini?"

"Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Doa jeusi la oili, pana kama kiganja, lilikuwa limemfunika ndege mmoja mzima.

"Samahani, dada. Ila limekaa vizuri. Kama ua."

"Kwenu maua ni meusi?"

"Kwetu yapo ya kila namna. Ungefika ungeyaona."

Muuza migebuka aliguna. "Dismasi, kwanza tua hiyo injini, ndipo utongoze. Utavunjika shingo."

Aliitua. Hapo ndipo Asnath alipouona mkono wake, chini ya kiwiko, umeungua na kupakwa kitu cheupe kilichokauka na kupasuka.

"Hapo umepaka nini?"

"Dawa ya meno."

"Mkono wako una meno?"

Kina mama wa dagaa walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Dismasi naye alicheka, na Asnath akaona kwamba mtu huyu hujicheka bila kinyongo, jambo ambalo kwa wanaume aliowahi kuwafahamu lilikuwa adimu kuliko migebuka ya bure.

"Wewe daktari?"

"Mfamasia. Daktari anakuambia unaumwa nini. Mimi nakuambia usimezee soda."

"Famasi gani?"

"Ya Bi Mwanakheri, Ujiji, nyuma ya soko. Ukija, dawa ya meno iache nyumbani."

Alikuja jioni ile ile, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kwapa moja likiwa bado na unyevu wa kufuliwa haraka. Asnath alimsafishia kidonda, akampa mafuta ya kupaka, na juu ya kiboksi akaandika kwa herufi zake zilizolalia kushoto kama watu wanaotembea dhidi ya upepo: *asubuhi na jioni*. Dismasi aliyasoma maandishi yale kama barua.

"Na mchana?"

"Mchana hapana."

"Mchana naweza kupiga simu?"

Bi Mwanakheri, aliyekuwa anahesabu sabuni kwenye rafu ya juu, alijibu bila kugeuka: "Mchana tuna wateja, baba. Piga magharibi."

*

Basi akapiga magharibi, na magharibi iliyofuata. Wapenzi wengine huungoja mwezi; hawa wawili waliuombea upite. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, vipe hulala mchangani, na kila mwenye injini au taa mbovu humkumbuka fundi Dismasi. Siku hizo hizo mabaharia huwa mjini, wamepumzika, na famasi ya Bi Mwanakheri hujaa. Kwa hiyo mbalamwezi, ambayo vijana wa Kigoma huitumia kutembea Bangwe wameshikana mikono, wao waliitumia kwenye simu.

"Unaona mwezi ulivyo?" Dismasi angesema.

"Naona foleni ilivyo."

"Mamaa, ukikutana na huyo mwezi mwambie azime kidogo. Kuna mtu anataka kukuona."

"Mwambie mwenyewe. Wewe si ndiye fundi wa taa?"

Giza likirudi na vipe vikiingia majini, walirudi kuwa watu. Walikula ugali wa muhogo kwa migebuka ya kuchoma, alama ya vidole vya mawese ikibaki kwenye glasi zao za maji. Dismasi alimpeleka kwa dada yake, Skolastika, mchuuzi wa dagaa anayekaa Kibirizi, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na kicheko cha kufungua mlango. Skolastika alimbeba Dismasi mgongoni enzi mama yao alipokuwa anashinda shambani, na mpaka leo alimkatia nyama kana kwamba hana meno. Alimtazama Asnath kuanzia raba mpaka kilemba, akasema, "Wifi, huyu anakoroma. Usije ukasema hukuambiwa." Mume wake, nahodha Telesphory, hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Kambi yake ilikuwa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, kunakofikika kwa boti tu, na Asnath alimjua kwa picha ya harusi ukutani: kijana mwembamba ndani ya suti ya kuazima, uso umemezwa na mwanga wa kamera.

Wakaanza kuzungumza habari za barua ya posa. Baba mdogo wa Dismasi ndiye angeipeleka. Mwezi ukipita, walisema.

*

Kwenye famasi, nyuma ya rafu ya maziwa ya watoto, kulikuwa na mlango mwembamba. Mtu aliingia dukani, akaomba dawa ya mafua, kisha akauliza, "Na yule dada yupo?" Asnath angemwita ndani, kwenye chumba chenye viti viwili na feni, akamtoboa kidole na kumpima virusi vya Ukimwi. Akikutwa hana, na akitaka, aliondoka na dawa kinga: kidonge kimoja kila siku, ili virusi visimpate. Zamani dawa hiyo ilibidi kufuatwa kliniki, kwenye benchi ambalo mji mzima ulijua ni benchi la nini. Kisha famasi chache zikaruhusiwa kuigawa, na Asnath akapelekwa mafunzoni, akarudi na cheti na jambo moja alilolibuni mwenyewe: kila kopo alilishindilia pamba. Vidonge vikicheza ndani ya kopo hulia kama njuga, na njuga ndani ya mkoba humtangaza mwenye mkoba. Makopo ya Asnath hayakulia.

"Watasema tunauza kibali cha uzinzi," Bi Mwanakheri alisema siku ya kwanza.

"Waseme, Bi."

"Sijasema tuache. Nimesema watasema." Akafunga mtandio wake vizuri. "Nimezika wadogo zangu wawili enzi ambazo hakukuwa na kidonge. Waseme mpaka wachoke."

Mara moja kwa mwezi Asnath alipanda boti Kibirizi na kuwafuata mabaharia hukohuko Mwamgongo. Kule hakuuliza ukoo wa mtu. Walimwita "dada wa pamba".

Na siku moja mlango mwembamba ulifunguliwa akaingia Skolastika.

Walitazamana. Skolastika aliketi, akaweka mkoba mapajani.

"Wifi."

"Humu ndani hakuna wifi, dada. Humu kuna mteja na mfamasia."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Mume wangu ni mtu mwema. Ananiletea hela, hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini ziwa ni refu, na kambi zina wanawake, na mimi sijazaliwa jana. Nimwulize, nyumba iwake moto? Au ninyamaze, nife?"

"Kuna njia ya katikati."

"Ndiyo niliyoifuata." Alitoa kidole chake kama mtu anayetoa sadaka. "Toboa."

Alikutwa mzima. Kopo lake alilificha ndani ya debe la unga wa muhogo, mahali ambapo, alivyosema mwenyewe, hakuna mwanamume wa Kiha aliyewahi kutia mkono. "Na mdogo wangu, atajua?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Mdogo wako yupi?" Asnath alijibu.

Skolastika alicheka kile kicheko chake, akatoka.

*

Ilikuwa mwanzo wa mbalamwezi nyingine Skolastika alipomletea Dismasi karabai. Umeme ulikuwa unakatika, na ile taa ya zamani, ya mafuta ya taa, ilikuwa imelala kwenye sanduku lake la mbao tangu mumewe alipohamia taa za sola.

"Nitengenezee, mdogo wangu. Inakula vumbi tu."

Dismasi alilifungua sanduku mchana, kwenye kibanda chake Katonga, kati ya injini zilizofunguliwa matumbo. Chini ya karabai, ndani ya kitambaa, palikuwa na kopo jeupe. Alilitikisa. Halikulia. Alilifungua akakuta pamba, na chini ya pamba vidonge, na ubavuni maandishi yaliyolalia kushoto: *kimoja kila siku, saa ile ile*.

Mwandiko ule aliujua kuliko wake.

Aliandika jina la dawa kwenye simu. Simu ikamwambia kwamba ni dawa ya watu wenye virusi. Kulikuwa na maelezo mengine chini yake, lakini macho yake hayakufika chini. Alikaa juu ya tairi bovu. Skola ameniletea mwenyewe, alijiambia. Kinywa kimeshindwa kusema, akaliacha sanduku liseme.

Jumapili alasiri, ufukweni Bangwe, Asnath alikuja na gauni la rangi ya zambarau na sahani ya migebuka iliyofunikwa kwa karatasi. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye karai. Alimkuta Dismasi amekaa hajagusa hata soda.

"Umenuna nini? Injini imekukataa?"

Dismasi aliweka kopo mchangani kati yao.

"Huu mwandiko ni wako."

Asnath alilitazama kopo. "Ni wangu."

"Limetoka nyumbani kwa dada yangu. Amenipa sanduku, limo ndani. Asnath, Skola anaumwa?"

Jibu lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, tamu na jepesi: Skola ni mzima kuliko mimi na wewe, ni kinga tu, kula samaki. Asnath aliliuma.

"Sizungumzii wateja wangu."

"Huyu sio mteja. Huyu ni Skola. Amenibeba mgongoni."

"Nasikia, Dismasi. Dawa moja hutumiwa na watu kwa sababu mbalimbali. Ukitaka kujua ya mwenye kopo, muulize mwenye kopo."

"Usinipeleke kwenye habari zenu za kinga. Kinga ni ya mabaharia na wasichana wa baa. Dada yangu ana ndoa ya kanisani. Mwenye ndoa akimeza hivi, ni mgonjwa."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Kila mtu anajua."

"Basi kaulize kila mtu."

Dismasi alifuta uso kwa kiganja. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Asnath.

"Tikisa kichwa tu, mpenzi. Mgonjwa au mzima. Usiseme neno. Siku zote hizi silali."

"Siwezi."

"Mimi?"

"Hata wewe. Nikikutikisia kichwa leo, kesho mama yako atakuja kutikisiwa. Mtu akiingia kwenye kile chumba, anaingia kwa sababu anajua ninavyonyamaza."

"Kwa hiyo umekaa na mimi, unakula na mimi, unacheka, na unajua dada yangu anakufa."

Asnath aliirudisha karatasi juu ya migebuka. Alijua angejibu neno moja, mengine yote yangefuata.

Dismasi aliliokota kopo, akapangusa mchanga. "Ningekuwa najua jambo la ndugu yako, ningekuambia hata usingizini," alisema, akaondoka. Migebuka ilibaki. Kunguru waliifaidi.

*

Magharibi simu haikulia. Ya pili yake pia haikulia. Asnath alihudumia watu, alitabasamu, alishindilia pamba. Mwandiko wake ulilala kushoto zaidi.

"Piga wewe," Bi Mwanakheri alisema.

"Nikipiga ataniuliza tena."

"Na wewe?"

"Nitamjibu vile vile."

Bi Mwanakheri aliweka kalamu chini. "Nilikuajiri kwa sababu unajua dawa," alisema. "Kumbe nilipata zaidi." Akamsogezea kikombe cha chai ya tangawizi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kwenye mawazo yake Asnath alijiandaa kwa siku ambayo Skolastika angekuja akilia kwamba kopo limepotea. Skolastika alikuja kweli, lakini hakulia. Alikuja kupimwa, akatoa kopo lake mkobani, jeupe kwa unga wa muhogo, vidonge vya siku chache vimesalia ndani.

"Mbona unanitazama hivyo? Sijaruka hata siku moja."

"Naona," Asnath alisema polepole. "Hongera."

Alipobaki peke yake alikaa kwenye kiti cha mteja. Kama kopo la Skolastika liko kwenye unga, lile la kwenye karabai ni la nani?

Jibu liliingia kabla jua halijazama, likiwa limevaa kofia ya michezo iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Ni nahodha mmoja wa Mwamgongo. Asnath alimkumbuka kwa kovu la kamba kiganjani.

"Dada wa pamba. Nimepoteza kopo."

"Limepoteaje?"

"La kambini limeisha, na la akiba nililificha kwenye sanduku la karabai, juu ya kabati. Nimerudi nyumbani kupumzika mbalamwezi, nakuta mke wangu kaipeleka kwa mdogo wake ikatengenezwe." Akavua kofia, akaigeuza mikononi. Bila kofia, na kwa mwanga wa taa ya famasi, alikuwa kijana mwembamba wa kwenye picha ya harusi, ila amezeeka. "Shemeji yangu ni fundi. Fundi hufungua kila kitu."

Asnath alishika ukingo wa meza. Aliona kwa macho ya moyo lile neno tamu alilolimeza Bangwe. Aliona Dismasi, kwa furaha, anakimbia Kibirizi: Skola, nimelikuta kopo lako kwenye karabai, kumbe ni kinga tu. Aliona Skolastika anatazama debe la unga, kisha anamtazama mumewe.

"Sikuja kutubu," Telesphory alisema, akiwa hajaulizwa. "Nilikosea huko nyuma, kambini. Nikaogopa kumpelekea mama wa watu ugonjwa ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana nilikuja kwenye boti yenu siku ile. Mke wangu ni mtu wa rozari. Mambo haya hayajui."

"Kaa nikupime," Asnath alisema.

Alikuwa bado mzima. Alimpa kopo jipya.

"Na la zamani? Shemeji akiniuliza?"

"Utamjibu ukweli wako mwenyewe. Mimi sina ukweli wa mtu wa kumpelekea mtu mwingine."

*

Telesphory alimkuta Dismasi kibandani, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Shemeji, nimefuata karabai."

Dismasi hakusimama. "Na kilichokuwa ndani yake?"

"Hicho pia. Ni changu."

Bisibisi ilitua juu ya bati. "Kwa hiyo ni wewe uliyemwambukiza."

"Sijamwambukiza mtu. Sina. Juzi nimepimwa, kidole hiki hapa. Ile ni kinga."

"Wewe una ndoa."

"Wenye ndoa ndio wenye cha kupoteza."

Dismasi alisimama, na kwa muda ilionekana kana kwamba ngumi itafuata. Telesphory hakurudi nyuma. Alisema alichokifanya kambini, bila kukipamba, na alivyokiacha. Alisema angemwambia Skolastika mwenyewe, kwa mdomo wake, siku atakapoupata ujasiri. "Ninakuomba usinitangulie. Ukimwambia wewe, atakuwa ameambiwa. Nikimwambia mimi, atakuwa ameombwa msamaha."

Dismasi alimpa karabai. Alimpa na kopo. Halafu akakaa juu ya tairi lake bovu, akacheka peke yake kwa faraja, kisha kicheko kikamkwama.

Kwa sababu jioni alialikwa kula kwa dada yake.

Skolastika alipika migebuka kwa mawese, mumewe akiwa bado hajarudi. Aliinamia debe, akachota unga kwa uangalifu wa ajabu, upande mmoja tu wa debe, akasonga ugali. Alimwekea mdogo wake kipande kikubwa.

"Una nini, Disi? Unanitazama kama mtu anayeaga."

"Sina kitu."

"Una kitu."

Kinywa chake kilijaa. Mumeo. Kambini. Kopo. Alimtazama dada huyu aliyembeba mgongoni, ambaye hakuwahi kumficha hata peremende, na alijua kwamba neno moja lingemtua mzigo yeye na kumbebesha Skola. Akameza tonge bila kutafuna.

"Nimechoka na injini tu, dada."

"Na Asnath? Mama anasema mmekosana. Kwamba eti hukula wiki nzima."

"Alikataa kuniambia jambo."

"Lake au la mtu?"

"La mtu."

Skolastika aliweka kijiko chini. "Basi wewe ni mjinga, mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekulea, kwa hiyo lawama ni yangu. Mwanamke yule ni kaburi. Mji huu ungekuwa na makaburi mengine mawili ya namna ile, watu wangelala."

"Wewe umejuaje?"

"Najua tu. Kula."

*

Dismasi alikuja famasi siku ya Jumamosi, saa za kufunga, amevaa lile shati la mikono mirefu. Safari hii lilikuwa limekauka. Bi Mwanakheri alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumtazama jirani. Asnath alikuwa na koti lake jeupe, na chini yake kile kitenge cha manjano. Lile doa halikuwahi kutoka kabisa, ndege mmoja alibaki mweusi.

"Mkono umepona?" alisema.

"Umepona. Hukuniuliza moyo."

"Dawa za moyo ziko rafu ya juu, na lazima uwe na cheti cha daktari."

Dismasi alitabasamu, lakini kidogo. Akaegemea kaunta. "Nimejua la lile kopo. Mwenyewe ameniambia. Sio la Skola."

"Sizungumzii wateja wangu."

"Najua. Sikuulizi. Nakuambia tu." Akashusha sauti. "Nilikaa kwa dada yangu, Asnath, nina jambo kinywani kubwa kuliko tonge. Nikashindwa kulisema na nikashindwa kula. Ni jioni moja tu. Wewe unabeba ya mji mzima, na unaimba unapofagia."

"Ukizoea, yanakaa."

"Maskini Skola. Hajui lolote lile."

Asnath aliinama kufunga mkanda wa kiatu, ambacho hakikuwa na mkanda. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia kama ziwa la Jumapili.

Wakati huo huo mwanamke mmoja aliingia, kanga imefunika nusu ya uso, akaomba dawa ya mafua. Macho yake yalikwenda kwa Dismasi, yakaganda. Dismasi hakuambiwa. Alitoka nje, akavuka barabara, akasimama karibu na muuza karanga akiipa famasi mgongo mpaka mwanamke yule alipotoka na kupotelea sokoni. Asnath aliyaona yote hayo kupitia kioo, na jambo fulani ndani yake, lililokuwa limekaza tangu Bangwe, likalegea.

Aliporudi alikuwa na karanga kwenye karatasi.

"Hukumwona usoni?"

"Nimeona karanga tu." Akazimimina kiganjani mwa Asnath, akichagua zilizovunjika na kubaki nazo yeye. "Laazizi, baba mdogo yuko nje, kwenye benchi la fundi cherehani. Ana barua mfukoni. Kesho anaipeleka kwenu, ukikubali."

"Mfukoni tangu lini?"

"Tangu juzi. Mama ndiye aliyeizuia. Anasema mwanawe alikonda, hakula, hakulala, na ulikuwa unaweza kumwokoa kwa kutikisa kichwa. Anasema barua iende, lakini kwanza uniombe radhi. Neno moja tu, nimpelekee."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimemwambia utakataa. Amesema basi barua iende hivyo hivyo, atakujua mbele ya safari." Akajikuna shingo. "Ila mimi mwenyewe, sio mama. Niliumia, Asnath. Kweli niliumia. Hata radhi ndogo? Ya watu wawili, hakuna atakayejua."

Asnath alimshika mkono, pale palipoungua, ngozi ilipokuwa mpya na laini. Nje mwezi ulikuwa unachomoza juu ya mabati ya Ujiji, mkubwa, wa kuwalaza mabaharia nyumbani na kumjazia foleni.

"Kuumia kwako kulinikosesha usingizi, na nikiamka kesho nitakupenda kuliko leo. Mwambie baba mdogo aje, baba yangu huwa nyumbani baada ya ibada. Lakini ukiniletea kopo jingine, la dada, la mama, hata la mtoto tutakayemzaa, nitanyamaza vile vile nilivyonyamaza Bangwe. Kwa hiyo siombi radhi, Dismasi. Wala ndogo."